Ladha ya Jani la Tatu

Uzi ndio uliomwambia.

Mkazamwana alikuwa ameketi ghalani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akishona midomo ya magunia ya mbegu. Ncha ya uzi ilichambuka. Akaitia mdomoni kuilowesha ipite kwenye tundu la shazia, ile sindano nene ya magunia, na uchungu ukamkamata ulimi hadi taya zikabana. Alitema mate sakafuni. Akatazama vidole vyake: kidole gumba na cha shahada vilikuwa na doa la kijani.

Alijua doa hilo limetoka wapi. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye banda la nailoni pamoja na mama mkwe wake. Yeye alichuma majani ya miche ya lupini na kumpa moja baada ya jingine, mama mkwe aliyatafuna kwa meno ya mbele, akayatema kwenye kopo, na kwa kila mche akasema neno moja: "Tamu." Trei nzima, iliyooteshwa kwa punje za magunia yale, ilikuwa tamu. Kwa neno hilo magunia yalitolewa ndani, dereva wa trekta akaitwa, na mashine ya kupandia ilikuwa tayari imefungwa nyuma ya trekta.

Lupini ni ndugu wa kunde. Majani yake hutawanyika kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa, na juu husimama mkungu wa maua. Nyumba ile ilipanda aina mbili. Yenye ua jeupe ni tamu. Punje zake hukaushwa na kusagwa, na mwokaji wa mjini huchanganya unga huo katika mikate yake. Yenye ua la buluu ni chungu, na uchungu wenyewe ni sumu. Anayekula unga wake hukauka kinywa, huona vitu viwili viwili na kutetemeka. Mtoto mdogo anaweza kufa. Wapo wanaoloweka punje chungu na kubadilisha maji siku nyingi mpaka zilike, lakini mwokaji alisaga zikiwa kavu, kwa sababu hajawahi kuletewa punje chungu kutoka nyumba ile. Aina ya buluu ilipandwa pembezoni tu, mistari michache kuzunguka shamba, iwe ukuta. Sungura akiuma mara moja hana hamu ya kurudi.

Punje za aina zote mbili zinafanana. Kilichozitofautisha ni ulimi, na ulimi wa nyumba ile ulikuwa wa mama mkwe. Majirani walimwita Mama Ulimi, na wageni wakisikia jina hilo walificha siri zao, wakidhani ni msengenyaji. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuonja. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alimwambia mkazamwana wiki aliyoolewa, na mjadala ukaishia hapo. Tangu siku hiyo mkazamwana huyo aliyesomea kilimo alichuma, alibeba, alishona, na alinyamaza.

Sasa aliacha shazia juu ya gunia na kwenda bandani.

Alianza na mche wa pembeni. Mche wa lupini ukichomoza huwa na majani mawili manene, ya duara. Hayo hayaonjwi, ni chakula ambacho mbegu ilifungiwa na mmea ulioizaa, na ladha yake ni ya mmea huo. Jani linaloonjwa ni la tatu, la kwanza lenye vidole. Alichuma, akatafuna, akatema. Lilikuwa na ladha ya nyasi, si zaidi. La mche wa pili vilevile. La mche wa tatu lilimkunja uso.

Aliendelea mpaka mwisho wa safu, akisukutua kila mara kwa maji ya ndoo. Katika kila miche kumi, miwili au mitatu ilikuwa michungu. Hapakuhitajiwa ulimi wa kipekee. Mtoto angejua.

Alisimama na kopo mkononi, na mambo madogo ya miezi ile yakajipanga yenyewe. Chumvi. Tangu mama mkwe alipougua homa iliyomlaza kitandani msimu wote wa maua, chakula chake kilikuwa hakiliki bila maji pembeni. Mumewe alifanya utani, "Mama leo ametupikia bahari," na mama alicheka pamoja nao, lakini kesho yake chumvi ikaongezeka. Halafu maziwa. Juzi yaliungua hadi sufuria ikawa nyeusi, moshi ukafika uani, na mama alikuwa ameketi hatua mbili kutoka jikoni, akipepeta mbegu, hana habari.

Aliyepima magunia yale hakuwa akisikia ladha. Magunia yakiingia ardhini leo, mavuno yatakuwa na uchungu ndani yake, unga utaenda kwa mwokaji, na mikate itaenda kwa watu. Mbegu za mwakani pia zitatokana na mavuno hayo hayo. Wasipozuia sasa, hapatabaki cha kuanzia upya.

Heshima ilitaka aanze na mwenyewe. Akaenda jikoni.

Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya ile sufuria ya maziwa, akiisugua kwa mchanga. Hakugeuka.

"Mama, naomba turudi bandani mara moja."

"Nimetoka huko sasa hivi."

"Ile trei. Nadhani imechanganyika."

"Nadhani." Mama alilirudia neno kana kwamba analipima uzito. "Miaka yote ile shuleni walikuwa wanakufundisha kudhani?"

"Nimeonja, mama."

Mkono uliokuwa unasugua ulisimama.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilitia uzi mdomoni, nikakuta uchungu. Nikarudi kuhakikisha."

"Uzi wa gunia! Vidole vimeshika grisi, vimeshika sabuni, vimeshika mkia wa mbuzi, halafu unakuja kunipa habari za lupini. Wewe bibi harusi una mambo."

"Baada ya uzi nimeonja majani."

"Ya tatu?"

Lilimtoka haraka, kabla hajalipamba. Hilo lilikuwa swali la mtu anayeomba mwenzake awe amekosea.

"Ya tatu," alijibu mkazamwana.

Mama mkwe alimwaga maji machafu, akaitazama sufuria ndani. Ilikuwa bado nyeusi. "Ulimi huu," alisema taratibu, "ulikuwa unaonja lupini mumeo akiwa mgongoni. Haujawahi kumlisha mtu sumu. Nenda kashone magunia. Dereva ana shamba jingine mchana."

Mkazamwana alisimama mlangoni. Alitaka kusema juu ya chumvi. Aliliona neno lenyewe likifika mdomoni, akalimeza. Mtu anaweza kuambiwa amekosea. Kuambiwa kwamba mezani wote wamekuwa wakimvumilia ni jambo jingine. Alitoka.

Mumewe alikuwa tayari amepakia gunia la kwanza kwenye mashine. Dereva, mtu mnene aliyejulikana kwa jina la Kipara ingawa alikuwa na nywele tele, alikaa kwenye kiti cha trekta akila karanga.

"Shusha hilo gunia," mkazamwana alisema.

"Halijashonwa vizuri?"

"Limechanganyika na chungu."

Mumewe alimtazama yeye, kisha akatazama njia ya jikoni, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa. "Mama ameonja."

"Mama hasikii ladha. Tangu augue."

"Punguza sauti." Alisogea karibu. "Unajua unachokisema? Mama yangu akivuliwa ulimi anabaki na nini nyumba hii? Kufagia?"

"Sikuja kumvua. Nimekuja kuzuia gunia."

"Haya." Alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akatoa punje konzi nzima, akatia kadhaa mdomoni na kuzivunja. Alitafuna akiwa amemkazia macho. Akatema. "Tamu." Akachukua nyingine kutoka chini kabisa, kiwiko kikazama. "Tamu. Onja mwenyewe."

Alionja. Zilikuwa tamu zote.

"Je?" mumewe aliuliza. Kwenye sauti yake mlikuwa na nafuu na ushindi.

Kipara aliacha kutafuna. "Shemeji, jua halimsubiri mtu. Tunapanda au tunakula?"

Mkazamwana alikuwa ameishika punje iliyovunjika kati ya vidole. Ushahidi ulikuwa dhidi yake na ulikuwa wa kweli. Majani machungu pia yalikuwa ya kweli. Vyote viwili vilitoka gunia moja, kwa hiyo palikuwa na njia moja tu ya kuviweka pamoja.

"Punje haina ladha yake," alisema. "Uchungu hautengenezwi ndani ya punje. Unatengenezwa kwenye majani ya mmea, halafu mmea unausukuma kwenye maganda. Punje hizi zilikaa kwenye mimea mitamu, zikapewa utamu. Lakini kama nyuki alileta chavua ya buluu, mmea utakaotoka humu utakuwa mchungu. Na punje zake zitakuwa chungu zote. Ndiyo maana mama haishii kwenye punje. Ndiyo maana anapanda trei kwanza na kusubiri jani."

"Chavua ya buluu itoke wapi? Mistari ya pembeni hukatwa vichwa kabla haijachanua. Kila mwaka. Inabaki ile michache ya mbegu, nayo hupandwa kwa kuchelewa, ichanue nyeupe zikiwa zimeshafunga punje."

"Kila mwaka," mkewe alisema. "Na mwaka jana?"

Mwaka jana mumewe aliweka mizinga ya nyuki pembeni mwa shamba, wazo lake mwenyewe, na ilipofika wakati wa kukata vichwa vya buluu aliviacha, kwa kuwa nyuki walikuwa wamevijaa na asali ilikuwa nzuri. Mama alikuwa kitandani. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba mistari ile haikatwi kwa ajili ya unadhifu tu.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema hatimaye.

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa mzunguko." Uso wake ulikuwa umekaza. "Mama kipofu wa ulimi, mume mjinga wa nyuki, na mke ndiye mwenye akili. Gunia halishuki. Kipara, washa!"

Trekta liliwaka. Moshi ukajaa mlango wa ghala. Mkazamwana alipanda kwenye fremu ya mashine, akaketi juu ya kifuniko cha sanduku la mbegu, miguu ikining'inia karibu na magurudumu.

Kipara akazima. "Mimi siendeshi na mke wa mtu juu ya mashine. Kwanza bima hairuhusu."

"Bima unayo?" mumewe alifoka.

"Sina. Ndiyo maana hairuhusu."

Hakuna aliyecheka. Katika kimya kile walisikia ndara za mama mkwe zikija polepole kwenye changarawe. Alikuwa amefunga kanga upya na kunawa mikono. Alimwangalia mkazamwana aliyeketi juu ya mashine, kisha mwanawe, kisha gunia.

"Teremka, mwanangu, utaumia," alisema. "Kalete mche."

"Mama, si lazima," mwanawe alianza.

"Nimemwambia yeye."

Mkazamwana aliteremka. Njiani kuelekea bandani alihesabu njia alizokuwa nazo. Akileta jani tamu na jani chungu, mama atabahatisha, na nusu ya bahati iko upande wake. Akipatia, wataamini ulimi wake, na shamba litapandwa sumu kwa baraka zake. Akileta jani tamu peke yake, aibu haitakuwepo, na sumu itapandwa vilevile. Alichuma jani moja la tatu kutoka mche mchungu aliokuwa ameuwekea kijiti. Alijionjea kipande cha kidole kimoja cha jani, kwa uhakika. Kisha akarudi.

Alimpa mama jani kwa mikono miwili.

Mama hakulitia mdomoni mara moja. Alilikata katikati kwa ukucha, akabaki na nusu, akamrudishia mkazamwana nusu nyingine. Alitafuna kwa meno ya mbele kama alivyofanya maisha yake yote: mara chache, akisimama, akilipeleka jani ubavuni mwa ulimi, akisubiri. Macho yake yalitazama mbali, juu ya paa la ghala. Kipara alivua kofia bila kujua kwa nini. Mama alitema.

"Tamu," alisema.

Mwanawe alishusha pumzi, mabega yakashuka. Akamgeukia mkewe na kufungua mdomo. Mkewe alikuwa amefumba kiganja juu ya nusu ile ya jani. Angeweza kuidondosha. Alijua kwamba akiitoa, atakachokitoa hakitarudishwa tena katika nyumba ile, na alijua pia mikate inakwenda wapi. Kiganja hakikufunguka wala hakikudondosha.

Mama mkwe alikuwa akimtazama usoni. Alimtazama kwa uangalifu ule ule aliokuwa akitazamia juu ya paa, na alichokuwa amekikosa kwenye ulimi alikipata pale.

"Mpe," alisema.

"Mama..."

"Mpe mumeo. Nimeligawa kwa ajili hiyo."

Alimpa. Mumewe alitia nusu jani mdomoni akiwa bado na nafuu usoni. Aliuma mara moja. Uso ulijikunja, akainama, akatema, akatema tena, akafuta ulimi kwa mkono wa shati. Alipoinuka hakumtazama mama yake. Alitazama upande wa mizinga.

"Hebu shemeji, limebaki kidogo nijaribu?" Kipara aliuliza, kisha akajijibu. "Hapana. Mimi nimeoa mara mbili, uchungu naujua."

Safari hii mama mkwe alicheka, kicheko kifupi, kikavu. "Kipara, nenda kwa huyo mwenye shamba jingine. Hapa hapapandwi leo."

Trekta lilipoondoka, mama aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, alipokuwa ameketi mkazamwana asubuhi. Alizungumza akiangalia mikono yake.

"Mwanzoni nilidhani ni dawa za homa. Nikasema zitatoka mwilini. Nikaongeza chumvi nione itafika wapi. Haifiki popote. Ni kama kutafuna karatasi. Leo bandani nilikuwa nakuangalia wewe. Nilisema, kama kuna chungu uso wa huyu utaonyesha. Nikasahau kwamba sikukuruhusu kuonja."

Mkazamwana alichuchumaa kando yake.

Mumewe alisema, "Msimu umekwenda, basi. Hatuna mbegu."

"Usinizike, niko hai," mama alisema. "Kuna debe chini ya kitanda changu. Mavuno ya kabla ya nyuki wako. Kila mwaka naweka konzi kadhaa, naondoa za zamani, ila mwaka jana homa ilinizuia. Zitatosha kona moja ya shamba, si zaidi. Mwokaji atasubiri mwaka. Wewe kahamishe mizinga, na hayo magunia yatoke hapa. Asije mtu akayaonja, akayaona matamu, akapanda."

Mbegu za debe zilikuwa zimekauka hadi zinalia kama kokoto. Lupini ikikaa muda mrefu mahali pakavu, ganda hujifunga. Huruhusu unyevu kutoka na hukataa maji kuingia, na mbegu inaweza kulala ardhini misimu kadhaa bila kuota wala kuoza. Kila moja hubidi ikatwe ganda kwa mkono. Waliketi watatu kwenye meza ya jikoni, kila mmoja na kikata kucha. Mama aliwaonyesha: kovu dogo ambapo punje ilishikamana na ganda la mmea liwe chini ya kidole gumba, mkato uwe upande wa pili, usizidi unene wa karatasi. Ukikata upande wa kovu unakata kiini, na mbegu inakufa. Mwanawe aliua nyingi siku ya kwanza. Mama alizitupa kwenye kopo, na kila iliyodondoka ilimfanya mwanawe aongeze uangalifu.

Zilizokatwa zilitiwa majini. Zilizovimba zilipelekwa bandani, zikapandwa kwenye vipande vya bomba vilivyopasuliwa urefu na kufungwa kwa waya, kwa sababu mzizi wa lupini hushuka moja kwa moja chini na hausamehe kukunjwa. Zilizoelea zilitupwa.

Kwa muda mrefu hapakuonekana kitu. Mkazamwana alikuwa akiingia bandani kabla ya kunawa uso, na mara nyingi alimkuta mama mkwe amefika kabla yake, amesimama mikono nyuma. Kama homa ya mama haikuwa mwanzo wa kosa, kama nyuki wa jirani yeyote walikuwa wamevuka mwaka mwingine uliopita, basi debe nalo lilikuwa na sumu, na ile ndiyo mbegu ya mwisho.

Udongo ulipasuka. Majani mawili ya duara yakafunguka kwenye bomba la kwanza, kisha kwenye mengine. Walisubiri la tatu.

Siku lilipokomaa, mama mkwe alivuta ndoo mbili, akaketi juu ya moja. Alikuwa na kopo la kutemea na kikombe cha maji. Alichuma jani la mche wa kwanza yeye mwenyewe, akalipangusa kwa kanga, akamkabidhi mkazamwana.

"Meno ya mbele," alisema. "Usimeze. Lipeleke ubavuni mwa ulimi, halafu subiri. Uchungu ni mwongo, huja nyuma. Usiseme kabla hujasubiri."

Mkazamwana alitafuna. Alilipeleka jani ubavuni. Alisubiri. Mlangoni mumewe alikuwa amesimama nusu ndani, nusu nje. Mama mkwe alimtazama mkazamwana usoni bila kupepesa, kama alivyomtazama siku ile kando ya trekta.

Mkazamwana alitema kwenye kopo.

"Tamu," alisema.

Mama aliendelea kumtazama kidogo zaidi. Kisha akamsogezea kikombe cha maji, akageuka, na kuchuma jani la mche wa pili.